Mkanda wa kiuno wa elfu 45 na fizio mara sita: uzoefu wangu na sayatika

Mi ni fundi cherehani, nipo Ngamiani hapa Tanga, na naandika hii kwa sababu wateja wamenichosha kuniuliza ule mkanda niliokuwa nauvaa juu ya dera niliununua wapi na unasaidia au hausaidii. Nilikuwa nauvaa kwa ajili ya sayatika, yaani maumivu ya neva inayotoka kiunoni kushuka mguuni. Unasaidia kidogo. Ila ningejua, hela ile ningeanza kuipeleka kwa fizio, mtaalamu wa kutibu kwa mazoezi.

Ilianza kumi la mwisho la Ramadhani mwaka jana, na wenzangu wa kushona mnalijua kumi la mwisho, mtu analeta kitambaa leo anataka kesho kutwa na kila mmoja anakwambia wa kwake ni mmoja tu fundi, sasa nilikuwa nakaa kwenye stuli isiyo na mgongo toka asubuhi mpaka karibu na kufuturu, nikishatoka tarawehe narudi tena mpaka daku, mguu wa kulia kwenye pedali. Usiku mmoja bobini ikadondoka ikaviringika chini ya meza, nikainama kuiokota, na hapo hapo nimeinama nikapiga chafya. Basi. Kitu kama shoti ya umeme kikatoka kwenye tako la kulia kikapita nyuma ya paja kikashuka shavu la mguu mpaka kidole kidogo cha mguu. Nikabaki nimepinda hivyo hivyo nimeshika ukingo wa meza, na mtoto wa jirani anacheka akijua nafanya mzaha.

Kwa asiyejua, maumivu yenyewe si ya mgongo hasa, mgongo wangu ulikuwa unauma kawaida tu. Ni mguu. Unawaka, afu ukiisha kuwaka unakuja ganzi. Nikikohoa nalia. Kwenye swala, kurukuu nilikuwa najitahidi, lakini kikao cha tahiyatu ule mguu ukiukunja machozi yanatoka yenyewe, nikaambiwa niswali kwenye kiti, na kiti ndo adui yangu mkubwa kuliko vyote.

Shangazi yangu akaja na mafuta ya nyonyo, "Hili chango mwanangu, limekushukia mguuni," akanichua kweli kweli. Usiku ule nililala, sikatai, asubuhi mambo yakarudi palepale. Nikaenda duka la dawa nikapewa diklofenaki, vidonge vya maumivu, nikawa nameza kabla hata sijatia kitu tumboni, siku ya nne tumbo nalo likaanza kuwaka, sasa nina mioto miwili. Msifanye hivyo jamani.

Baada ya Idi ndo nikaenda hospitali. Daktari akanitembeza kwa visigino, afu kwa ncha za vidole, akanilaza chali akaunyanyua mguu wangu umenyooka, hajafika hata nusu nikapiga ukelele. Akaniuliza maswali ya aibu kidogo, mkojo unaushika? Choo je? Huku katikati ya mapaja kuna ganzi? Nikasema hamna. Akasema siku nikiona chochote katika hivyo, au mguu unazidi kulegea, nisingoje kesho, nije siku hiyohiyo, maana hiyo inakuwa dharura ya upasuaji na ukichelewa unaweza usirudi kama zamani. Hilo lishikeni hata kama mengine yote mtayasahau. Eksirei nilipiga, mifupa safi, na baadaye ndo naambiwa eksirei haionyeshi diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, diski unaiona kwenye kipimo kingine kinaitwa MRI, na kwa hali yangu haikuwa lazima. Neva yenyewe ya sayatika ndo nene kuliko zote mwilini, inaanzia kiunoni inapita takoni inashuka mguu mzima, na mara nyingi kinachoibana ni diski iliyovimba kati ya pingili za chini kabisa. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki kadhaa bila kisu.

Sasa mkanda. Nimenunua elfu 45, duka silitaji. Ni ule mpana mweusi, una vyuma vinne vya mgongoni na velkro mbili za kuvuta kwa pembeni. Siku ya kwanza nikaona nimepona, kiuno kimeshikwa, nikashona mfululizo mpaka adhuhuri. Hapo ndo penye mtego. Mkanda ulikuwa unanipa moyo wa kukaa zaidi, na nikiuvua jioni mguu unanilipa yote. Afu joto la Tanga na lile sponji la ndani, jasho mpaka nikatoka vipele. Na mi kama fundi nitasema ukweli wa ufundi, ushonaji wake ni wa kulipua, nyuzi nyembamba, stichi zimeachana, wiki ya tatu chuma kimoja kikatoboa kikaanza kunichoma ubavuni. Nimeufumua nikaushona upya kwa uzi wa begi na kuweka kipande cha jinzi kwenye ncha za vyuma. Mkanda wa elfu 45 nimeuweka kazi ya elfu 10 yangu mwenyewe!

Fizio nilianza wiki ya tano hivi, elfu 15 kila nikienda, nimeenda mara sita. Kijana mdogo tu, ananiita mama, nikamdharau kidogo. Kitu cha kwanza akaniambia mama huu mkanda vaa ukisafiri au ukibeba kitu, basi, hata mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema wenye mgongo na sayatika wasipewe mikanda. Cha pili, kulala kitandani kutwa hakuponyi, tembea. Afu akanilaza kifudifudi, nijiinue kwa viwiko, nikizoea nijiinue kwa mikono na nyonga zibaki chini kwenye mkeka, mara kumi, kila baada ya saa mbili. Akanisimulia fizio mmoja wa New Zealand, Robin McKenzie, mwaka 1956 mgonjwa wake alilala kifudifudi kwa bahati mbaya kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwani, akaachwa hivyo, kumbe alivyoinuka mguu umepata nafuu, na mazoezi yakaanzia huko.

Wiki ya kwanza mgongo ukazidi kuuma nikataka kuacha. Akanicheka, mguu je? Nikafikiria, kweli, kidole na kisigino vimenyamaza. Akasema ndo tunachotaka, maumivu yanapanda kurudi mgongoni, yangekuwa yanashuka zaidi mguuni ningekusimamisha. Kwa hiyo msiige tu zoezi langu kwa kusoma, kuna ambao kujikunja nyuma kunawaongezea. Yakatoka kwenye shavu la mguu, yakabaki pajani, mwisho takoni tu kama jino bovu linalokukumbusha. Mwezi wa tatu nikakaa tahiyatu mkekani bila kulia.

Sasa hivi stuli nimempa mtu, nina kiti chenye mgongo, na kiunoni naweka mto niliojitengenezea, vipande vya kanga na vitenge vilivyobaki nimeviviringa mnene kama mkono wangu nikashonea mfuko. Haukunigharimu hata senti na naupenda kuliko ule mkanda. Simu naweka alamu kila dakika 30, ikilia nasimama hata kama ni katikati ya pindo, wateja wamezoea wanasema fundi adhana yako hiyo. Jioni natembea mpaka Raskazone na kurudi. Huwa inarudi, nisidanganye, nikikimbizana na kazi za harusi siku mbili tatu naisikia inabisha hodi, nakwenda mkekani.

Mkanda nauvaa nikipanda basi Kange kwenda Dar, basi. Kama kuna anayeutaka namwachia kwa elfu 20, na nyuzi za pembeni hazifumuki, hizo ni za kwangu.