BMW M5 ya kizazi cha E39 kama gari la pili
Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa magari yaliyozidi miaka 8, mwenye kuitamani M5 hii ya zamani, saluni ya kasi ya BMW ya kizazi kilichopewa msimbo E39, hana budi kuitafuta miongoni mwa zilizokwisha kuingia nchini. Niliijaribu moja Nyali, Mombasa: injini ya V8 ya lita 4.9, yenye nguvu za farasi 400 na gia 6 za kubadilisha kwa mkono, ilivuta kwa utulivu ambao Toyota Probox yangu, maskini, haiujui. Hata hivyo, nilipoinama chini ya mlango nilikuta kutu iliyofunikwa kwa rangi mpya, kazi ya chumvi ya bahari. Bei ningeilipa, kilichonirudisha nyuma ni petroli, na vipuri ambavyo vingi huagizwa kutoka ng'ambo.