Funguo za kujifunga nilizozifunga kwenye gitaa langu, na ugonjwa ambao hazikuuponya

Ni mwezi wa nane sasa gitaa langu lina funguo mpya za kukazia nyuzi, zile zinazoubana uzi kwa kigurudumu kidogo cha nyuma, na wapiga gitaa wenzangu hapa Moshi wananiuliza kama zinafaa. Zinafaa. Tatizo ni kwamba mimi nilizinunua kutibu ugonjwa ambao haukuwa kwenye funguo.

Gitaa ni la mtumba, la mtindo wa Stratocaster: funguo sita zimepangwa upande mmoja wa kichwa, daraja, yaani kipande cha mwilini nyuzi zinapoishia, linashikwa na springi kwa nyuma, na mkono wa tremolo unachomekwa hapo kwenye daraja. Napiga solo kwenye bendi ya kanisa kule Pasua, na mkono ule naupenda kwenye nyimbo za taratibu. Unaubonyeza kidogo mwisho wa mstari, noti inalegea, unaiachia inarudi. Hilo jina la tremolo nalo lina kasoro ya kuzaliwa. Tremolo ni sauti kupanda na kushuka kwa ukubwa, wakati mkono unabadilisha noti yenyewe, lakini Fender walilitumia tangu walipotoa Stratocaster mwaka 1954 na ndiyo tumelizoea.

Shida yangu ilikuwa hapo kwenye kurudi. Nikiubonyeza mkono na kuuachia, uzi wa nne ulirudi juu ya noti yake. Siyo sana, ila inatosha mpiga kinanda kugeuka na kuniangalia. Kila niliyemweleza alijibu neno moja: funguo zimechoka, badilisha. Nikaagiza seti Dar, haina chapa yoyote, shilingi 95,000 na nauli ya mzigo juu, nikaipokea stendi.

Kabla hujaagiza, pima tundu la kichwani ambamo ufunguo unaingia. Funguo nyingi za kisasa zinataka tundu la milimita 10, na magitaa ya mtindo wa zamani huwa na tundu dogo kuliko hilo. Langu lilikubali. Kilichonitoa jasho ni skrubu, ndogo kama punje ya mchele, tena laini. Nilidhani mbao ya kichwa ni laini pia, nikakaza bila kutoboa kwanza. Ya pili ikakatika kichwa, mwili ukabaki ndani ya mbao, na upo humo mpaka leo. Zilizobaki nilizitobolea kwa msumari mwembamba wa moto na kuzipaka nta ya mshumaa, zikaingia bila ugomvi.

Kwenye kubadilisha nyuzi ndipo utakapozisifu. Unapitisha uzi kwenye tundu la nguzo ya ufunguo, unauvuta ukaze, unazungusha kigurudumu cha nyuma mpaka ubanwe, unatuni, unakata mkia. Uzi hauzunguki nguzo hata mara moja kamili. Zamani nilikuwa nazungusha mara tatu, nne, na kila mzunguko ni mahali pa uzi kujilegeza mkono unapobonyezwa. Uliwahi kunikatikia uzi wa kwanza katikati ya ibada, na kwa daraja la springi uzi mmoja ukikatika zote tano zilizobaki zinapanda, kwa sababu springi hazina tena wa kuvutana naye. Kabla matangazo hayajaisha nilikuwa nimeshaweka mwingine na kutuni zote. Kwa funguo za zamani ningekaa kimya mpaka sadaka.

Lakini uzi wa nne? Palepale. Nabonyeza, naachia, uko juu.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja Majengo anayetengeneza vyombo vya muziki. Nikamwamkia, nikaanza kumweleza habari za funguo, akaninyamazisha kwa mkono. Akalilaza gitaa mapajani, akaukaza uzi wa nne polepole huku sikio liko karibu. Tink. Akaulegeza, tink tena.

“Umesikia, mwanangu? Huo unang’ang’ania kwenye nati.”

Nati ni kile kijipande cheupe mwanzoni mwa shingo chenye mifereji sita. Ukibonyeza mkono, uzi unalegea upande wa daraja, na kipande kilicho nyuma ya nati, ambacho bado kimekaza, kinauvuta kidogo kuelekea kwenye funguo. Ukiachia, unatakiwa uteleze kurudi. Mfereji ukiubana haurudi wote, kwa hiyo noti inabaki juu. Ukikunja uzi kwa kidole kuelekea juu inakuwa kinyume, unabaki chini ya noti. Akaniuliza natumia nyuzi za unene gani. Hapo ndipo nilipoona aibu. Gitaa lilikuja na seti ya 9, yaani uzi wa kwanza una unene wa 0.009 ya inchi, mimi nikaweka ya 10 kwa kutaka sauti nene. Uzi wa nne ukatoka 0.024 ya inchi ukawa 0.026, kwenye mfereji uleule wa plastiki.

Alichukua kipande cha uzi mkuukuu wa kusokotwa, akaupitisha mferejini kama msumeno, mara chache tu, anapuliza, anajaribu. Ukizidisha, mfereji unashuka na uzi unaanza kulia kwenye freti, vile vyuma vya kukatiza shingoni. Akamalizia kwa kusugua ncha ya penseli kwenye mifereji yote sita, na chini ya kile kishikizo cha kichwani kinachokandamiza uzi wa kwanza na wa pili. Risasi ya penseli inateleza. Akakaza kidogo skrubu mbili za springi kwa nyuma, maana nyuzi nene zilikuwa zimeliinua daraja. Alinitoza shilingi 10,000.

Kwa hiyo ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, anza na nati na penseli. Funguo nunua kwa ajili ya wepesi wa kubadilisha nyuzi, na ukishazifunga usikaze vigurudumu kwa koleo, vidole vinatosha. Anayetaka kuzamisha mkono mpaka nyuzi zining’inie, hizi siyo zake. Huyo atafute mfumo wa Floyd Rose, ambao uzi unafungwa kwenye nati na kwenye daraja, na ajiandae kutembea na funguo za alen, vile vyuma vya pembe sita vya kukazia skrubu, kila anakokwenda.

Zangu zimeshika vizuri, isipokuwa ya tatu ambayo kigurudumu chake kinalegea kila baada ya wiki mbili hivi. Nakikaza Jumamosi baada ya mazoezi.