Nimeshindwa vita na vifuniko vya soda: uzoefu wangu na mchezo wa mezani wa vita vya uhuru wa Marekani

Niliununua mtumba kwa 85,000, kwa muuzaji wa mtandaoni hapa Dar. Sanduku lilifika limebonyea pembe, na meli tatu za Ufaransa hazimo. Nilipompigia aliahidi kuzituma. Mpaka leo kimya. Nikaweka vifuniko vya soda badala yake.

Mimi nimezoea drafti ya kijiweni: ukila kete zote za mwenzako, kwisha habari. Kwa hiyo nikachagua Uingereza, nikijua leo namnyoosha shemeji, aliyechukua waasi wa Marekani. Nina meli tele na askari wa kukodi kutoka Ujerumani (kwenye vita vyenyewe walifika kama 30,000). Nikachukua New York. Nikachukua Philadelphia, mji ambao Bunge lao lilikuwa linakaa. Nikamsubiri asalimu amri. Akarudisha kete zake nyuma, akaendelea kula karanga.

Kumbe hapa miji haina pointi nyingi. Pointi ziko mashambani, na kila mji unaoushika unakula askari wa kuulinda. Ukisogea tu, waasi wanarudi ulikotoka. Shemeji alikuwa na kazi moja: asimalizwe.

Kinachoudhi, na ndicho kitamu chenyewe, ni kadi za amri. Unailaza kifudifudi, inatekelezwa mzunguko unaofuata hata kama mambo yameshabadilika. Ndivyo ilivyokuwa: barua ya London ilikaa baharini mwezi, miwili, hata zaidi. Mwaka 1777 Burgoyne, jenerali wa Uingereza, alishuka kutoka Kanada akitarajia wenzake wamkute mji wa Albany, huku jenerali mwenzake Howe ameshika njia yake kwenda Philadelphia. Burgoyne akasalimu amri Saratoga na watu karibu 6,000. Nililaumu ujinga wao, kisha mzunguko wa tatu nikafanya vilevile.

Baada ya Saratoga, Ufaransa inaingia upande wa waasi, kama ilivyotia saini mkataba nao Februari 1778. Hapo unakuwa na mlango zaidi ya mmoja wa kulinda. Visiwa vya sukari vya Karibi vina pointi nyingi kuliko makoloni kadhaa, nami nikahamishia jeshi huko. London nayo ilitoa askari 5,000 Amerika ikawapeleka St. Lucia, kimojawapo cha visiwa hivyo.

Mwisho wangu ulikuwa Yorktown, mji wa Virginia. Jeshi langu limeegemea maji, likisubiri meli. Shemeji akapanga vifuniko vitatu kwenye mdomo wa ghuba ya Chesapeake. Ndicho alichofanya de Grasse, admirali wa Ufaransa, Septemba 1781. Cornwallis, jenerali wa Uingereza aliyekuwa Yorktown, akasalimu amri Oktoba 19, siku ileile ambayo meli za kumwokoa zilikuwa zinang'oa nanga New York. Kadi yangu ya msaada nayo ilikuwa bado imelala kifudifudi.

Kasoro: maelezo ni ya Kiingereza tu, kwa herufi za karatasi ya dawa, na mchezo mmoja unakula muda wa saa nne nzima. Pia maelfu ya watumwa waliokimbilia upande wa Waingereza kutafuta uhuru wamepewa kadi moja tu, utadhani walikuwa mvua ya siku moja. Hilo limenikera kuliko sanduku kubonyea.

Nimecheza upande wa Uingereza mara tano, nimeshinda mara moja, tena siku hiyo shemeji alikuwa na usingizi.

Nyota nne. Ya tano ipo kwa muuzaji, pamoja na meli zangu.