Daftari za Fedha Zilizosahaulika: Ipi Inamfaa Mrithi?

Fedha ambazo mwenyewe amezisahau huwa hazibaki mikononi mwa benki, kampuni ya bima au mwajiri wake wa zamani milele. Katika nchi nyingi sheria humtaka anayezishikilia akae nazo kwa miaka kadhaa, ajaribu kumtafuta mwenyewe, na akishindwa azikabidhi kwa chombo cha umma au mfuko maalumu unaozihifadhi hadi atakapojitokeza. Kinachohitajika baada ya hapo ni mahali ambapo mwananchi anaweza kuuliza kama jina lake limo. Mahali hapo ndipo ninapopatathmini katika makala hii, nikiziangalia huduma tatu zisizotoza ada: MissingMoney ya Marekani, utafutaji wa mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa ya Kenya, inayojulikana zaidi kwa herufi zake UFAA, na My Lost Account ya Uingereza.

Kipimo changu kikuu si uzuri wa tovuti. Mtu aliye hai, mwenye kitambulisho chake na kumbukumbu ya akaunti yake, atahudumiwa vizuri karibu popote. Anayeteseka ni mjane, yatima au ndugu aliyeachiwa mirathi bila karatasi, asiyejua marehemu alikuwa na akaunti ngapi, bima gani, wala hisa za kampuni ipi. Kwa hiyo nimeuliza swali moja kwa kila huduma: je, mrithi asiyejua chochote zaidi ya jina la marehemu na mahali alipoishi anaweza kuanzia hapa na kufika mwisho?

MissingMoney ndiyo inayojibu sehemu ya kwanza ya swali hilo vizuri kuliko zote. Ilianzishwa mwaka 1999, na inatambuliwa na NAUPA, chama cha maafisa wa majimbo wanaosimamia mali zisizodaiwa. Unaandika jina la ukoo, jina la kwanza na, ukipenda, jimbo au mji, kisha orodha inafunguka mara moja ikiwa na jina la mwenye mali, anwani yake ya zamani na mara nyingi jina la taasisi iliyoikabidhi mali hiyo. Huhitaji kujisajili ili kutazama tu, wala huhitaji kuthibitisha uhusiano wako na mtu unayemtafuta. Uwazi huo ndio neema kubwa kwa mrithi, kwa sababu anwani ya zamani ikilingana na nyumba ambayo marehemu aliwahi kuishi, tayari ana pa kushika. Kiasi cha fedha hakionyeshwi kila mara kwa usahihi. Baadhi ya majimbo hutaja tu kwamba ni zaidi au pungufu ya kiwango fulani, jambo ambalo naliona la busara, kwa kuwa tarakimu kamili iliyo hadharani ingewavuta matapeli.

Hata hivyo, ni lazima mtumiaji aelewe muundo ulio nyuma ya ukurasa huo, la sivyo atatafuta mara moja, akose, na kukata tamaa bure. Marekani haina hazina moja ya taifa inayopokea mali za aina hii. Kila jimbo lina mpango wake. Jimbo lipi lichukue nini liliamuliwa na Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo mwaka 1965, katika shauri kati ya Texas na New Jersey: mali huenda kwenye jimbo la anwani ya mwisho ya mwenye mali kama ilivyo katika vitabu vya mdaiwa, na ikiwa anwani haijulikani, huenda kwenye jimbo ambako kampuni inayodaiwa ilisajiliwa. Kanuni hiyo ina matokeo ya moja kwa moja kwa anayetafuta. Mtu aliyesoma katika jimbo moja, akafanya kazi katika la pili na kustaafu katika la tatu anaweza kuwa na fedha katika yote matatu, na tena katika jimbo ambalo hakuwahi kulikanyaga, kwa sababu tu mwajiri wake alisajiliwa huko. Isitoshe, si majimbo yote huweka kumbukumbu zao kwenye MissingMoney. Kwa hiyo kukosa jina hapo si jibu la mwisho. Inabidi kufungua pia ukurasa wa hazina au mkaguzi wa kila jimbo linalohusika.

Jambo jingine linaloudhoofisha utafutaji ni majina yenyewe. Daftari hizi hunakili kile kilichoandikwa na karani wa benki au wa kampuni, na majina yasiyozoeleka nchini humo hupinduliwa, hukatwa au huongezewa herufi. Jina la baba huweza kuwekwa mahali pa jina la ukoo. Jina lenye sehemu tatu huweza kubaki na mbili. Mwanamke aliyefungua akaunti kabla ya ndoa hubaki humo kwa jina lake la awali. Namshauri kila mwenye asili ya Afrika Mashariki au nchi za Kiarabu anayetafuta mali ya ndugu yake ajaribu kila mpangilio anaoweza kuufikiria, pamoja na herufi ya kwanza peke yake badala ya jina zima, kwa kuwa mfumo haukisii kwa niaba yako kama unavyodhani.

Na kuna mali ambazo MissingMoney haikuundwa kuzionyesha. Hati za akiba za serikali kuu zina utaratibu wake katika Wizara ya Fedha. Mafao kutoka kwenye mipango ya pensheni iliyofungwa hutafutwa kwenye shirika la udhamini wa pensheni, PBGC. Bima ya maisha ya marehemu huulizwa kupitia huduma ya bure ya chama cha wadhibiti wa bima, NAIC, iliyoanza mwaka 2016: mrithi hujaza taarifa za marehemu, nazo kampuni zinazoshiriki hukagua vitabu vyao na kumjibu moja kwa moja ikiwa ni mnufaika au ana mamlaka ya kisheria. Kuanzia Desemba 2024, Wizara ya Kazi nayo ina daftari la kutafutia akiba za kustaafu zilizoachwa kwa waajiri wa zamani. Kwa maoni yangu hii ndiyo kasoro kubwa ya mfumo wa Marekani, kwamba mfiwa analazimika kujua aina ya mali kabla ya kujua pa kuitafuta, ilhali kutojua huko ndiko kulikomleta.

Nchini Kenya hali ni kinyume. Sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka moja kwa nchi nzima, na benki, kampuni za bima, kampuni za simu, waajiri na wasajili wa hisa wote huwasilisha kwake mali zilizokaa kimya. Mrithi haulizwi kama marehemu alikuwa na akaunti au gawio. Anatafuta mahali pamoja tu. Vipindi vya kusubiri hutofautiana: akaunti ya benki huhesabiwa kuwa imetelekezwa baada ya miaka 5 bila shughuli, gawio la hisa baada ya miaka 3, fedha za simu baada ya miaka 2, na mshahara usiochukuliwa baada ya mwaka mmoja tu. Kipindi cha fedha za simu ndicho kinachonigusa zaidi, kwa sababu laini ya simu ya marehemu mara nyingi ndiyo iliyokuwa benki yake ya kweli, nayo ndiyo familia huiacha izimike bila kuuliza salio.

Utafutaji wenyewe unafanyika katika tovuti ya mamlaka au kwa kupiga *361# kwenye simu yoyote, hata ile isiyo na intaneti. Njia hii ya pili inastahili sifa bila kusitasita. Huduma ya aina hii haina maana ikiwa itawafikia tu wenye kompyuta, kwa kuwa wao ndio wanaopokea taarifa za benki kwa barua pepe na ndio wasiopoteza sana. Mzee wa kijijini aliyewahi kununua hisa miaka mingi iliyopita, akahama na kuacha sanduku lake la posta, anaweza kuuliza akiwa ameketi kwake. Kudai hakulipiwi ada, na haki ya mwenye mali haiishi kwa kupita kwa miaka.

Ugumu wa Kenya huanza baada ya jina kupatikana. Mwenye mali aliye hai hujaza fomu, huambatisha nakala za kitambulisho na taarifa za akaunti atakayolipwa, na shauri lake ni jepesi kiasi. Mrithi, kwa upande wake, anahitaji uthibitisho wa mahakama kwamba yeye ndiye msimamizi wa mirathi, na katika familia nyingi hati hiyo haikuwahi kuombwa kwa sababu mali iligawanywa kwa makubaliano ya wazee. Kuiomba sasa kwa ajili ya kiasi kidogo kilichobaki kwenye simu au gawio la mwaka mmoja kunaweza kugharimu zaidi ya fedha zenyewe. Silaumu hitaji la uthibitisho. Bila hilo, binamu mjanja angewatangulia watoto wa marehemu. Ninachokiona kimepungua ni kumweleza mfiwa mapema, pale pale jina linapoonekana, ni hati ipi hasa atakayoombwa kwa kiwango cha mali kilichopo, ili aamue kabla ya kuingia gharama. Kwa familia iliyo katikati ya shauri la mirathi, ushauri wangu ni kutafuta jina la marehemu sasa, kabla ya hati kuthibitishwa, ili kila kitakachoonekana kiingizwe kwenye orodha ya mali mara moja na wasirudi mahakamani baadaye.

My Lost Account ya Uingereza nitaipitia kwa haraka, kwani si daftari la kufungua na kusoma. Ilizinduliwa mwaka 2008 na vyama vya mabenki na vyama vya ujenzi wa nyumba pamoja na benki ya akiba ya taifa, NS&I. Unajaza taarifa zako au za marehemu unayemwakilisha, ombi linapelekwa kwenye taasisi ulizozitaja, nazo hujibu baadaye. Jibu laweza kuchukua hadi miezi mitatu. Faragha inalindwa vizuri, lakini mrithi asiyejua benki ya marehemu hupapasa gizani. Kinachonitia moyo ni sheria iliyo nyuma yake: fedha zilizolala kwa miaka 15 zinaweza kuhamishiwa kwenye mfuko unaozitumia kwa shughuli za kijamii, ila mwenyewe akitokea hata baada ya miongo, benki yake humlipa. Sheria ya mwaka 2022 imepanua mpango huo hadi kwenye bima, pensheni na uwekezaji. Huduma ya serikali ya kutafuta pensheni ni ya bure pia, ingawa hutoa anwani ya msimamizi wa mpango tu na haisemi kama una chochote humo.

Sasa niseme juu ya wale wanaouza kazi hii. Wapo mawakala wanaochambua daftari hizi hizi za wazi, kisha humwandikia mtu barua kwamba wamegundua fedha zake na watamwonyesha akikubali kuwapa sehemu ya fedha hizo. Si wote ni matapeli, na kuna mirathi iliyosambaa katika nchi kadhaa ambayo mtaalamu wa nasaba anaifanya vizuri kuliko familia. Lakini aliyepokea barua ya namna hiyo tayari amepewa habari muhimu kuliko zote, yaani kwamba kuna kitu. Akitafuta mwenyewe kwenye daftari la umma, mara nyingi atakikuta. California imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa malipo ya mawakala hawa, nacho ni kipimo kizuri cha kujilinda hata kwa aliye mbali na huko: anayedai theluthi au nusu anadai kupita kiasi. Anayetaka ada itangulie kabla ya fedha kupatikana asipewe hata nakala ya kitambulisho. Chombo halali cha umma hakiulizi namba ya siri ya benki, wala hakitoi muda wa saa chache ili uamue.

Kwa mtu anayeanza leo, mpangilio wa kutafuta una uzito kuliko anavyoweza kudhani, kwa sababu haki hizi hazina umri mmoja. Mali iliyo mikononi mwa UFAA, na katika majimbo mengi ya Marekani, inaweza kusubiri, isipokuwa hisa, ambazo majimbo mengi huziuza baada ya muda na kumbakishia mwenyewe thamani ya siku ya kuuzwa hata kama bei imepanda mara kadhaa tangu hapo. Marejesho ya kodi ya serikali kuu ya Marekani hupotea kabisa ikiwa ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, haikuwasilishwa ndani ya miaka 3 tangu tarehe iliyopaswa. Uswisi, ambayo tangu mwaka 2015 huchapisha kwenye tovuti majina ya wenye akaunti zilizokaa kimya kwa miaka 60, hutoa kipindi maalumu cha kudai, na kikipita haki hufutika na fedha kuingia katika hazina ya shirikisho. Mrithi mwenye dalili yoyote ya ama kodi ya Marekani iliyozidi ama akaunti ya Uswisi aanze na hizo wiki hii, ndipo arudi kwenye simu ya marehemu na gawio la hisa.