Kadi inasema "anodi sawa", tangi limeoza

Nyota nne nilizoipa hita hii ya maji mwanzoni nimezifuta, nimeacha moja. Pengine naionea. Aliyenikosea hasa ni fundi wa kampuni iliyoniuzia, yule wa huduma ya kila mwaka, ila kwa hasira niliyonayo siwezi tena kuwatenganisha.

Kwa muda mrefu sikuwa na lalamiko. Kisha maji yakaanza kutoka na rangi ya chai, tena ya moto peke yake. Ya baridi yalikuwa safi. Ukiona hivyo, shuku tangi kwanza. Fundi akaja, akafungua koki ya chini, akamwaga mashapo kidogo, akasema yametosha. Nikamuuliza kuhusu anodi, maana kijitabu cha hita kinaitaja. Akacheka. "Bosi, hiyo imefungwa kiwandani, haiguswi. Wewe oga tu."

Oga tu!

Kwa asiyejua: tangi ni la chuma, na ndani limepakwa enameli, yaani kioo kilichochomwa kikashikamana na chuma. Enameli haikosi vitundu visivyoonekana kwa macho, na kutu haihitaji mlango mkubwa. Ndiyo maana humo ndani huning'inizwa fimbo ya magnesi au alumini, na hiyo ndiyo anodi. Metali hizo huachia elektroni upesi kuliko chuma, kwa hiyo huliwa zenyewe, tangi likabaki salama. Fimbo ikiisha, zamu ni ya tangi. Na si uvumbuzi wa jana huu: Humphry Davy alipendekeza mwaka 1824 kuilinda shaba iliyofunika merikebu za kivita za Uingereza kwa vipande vya zinki au chuma. Miaka 200 imepita, na mtu mwenye sare na kitambulisho shingoni ananiambia haiguswi! Inatakiwa itolewe ikaguliwe kila mwaka au miwili, na mapema zaidi kwenye nyumba yenye kifaa cha kulainisha maji, kwa kuwa maji hayo huimaliza haraka.

Tangi lilipoanza kuvuja nilimwita fundi mwingine, mzee mmoja asiye na sare wala kitambulisho. Akazima umeme, akafunga maji yanayoingia, akafungulia bomba la moto kutoa presha, akapunguza maji tangini, ndipo akashika soketi ya milimita 27 yenye mpini mrefu. Nati ya anodi iligoma kweli kweli. Ilipoachia, kilichotoka ni waya mtupu wa katikati wenye ukoko mweupe huku na kule. "Hii haijaguswa tangu kiwandani," akasema, akinionyesha gundi ya kwenye nyuzi za nati ilivyokuwa nzima hadi alipoivunja yeye.

Sasa kadi yangu ya huduma. Kila mstari, kwa mwandiko wa yule bwana: "Anodi – SAWA." Sahihi. Muhuri. Aliijuaje kuwa sawa bila kuifungua? Kwa kuigongagonga?

Nikaenda kudai dhamana. Dada wa mapokezi, kwa upole unaochoma kuliko matusi, akanijibu kwamba dhamana hailihusu tangi ambalo anodi yake haikubadilishwa. Nikamsukumia kadi. Akasema kadi ni kumbukumbu tu, si uthibitisho. Uthibitisho wa nini basi, dada yangu, kama muhuri wenu wenyewe hamuuamini?

Haki ya hita niiseme: ilipasha upesi, ikatunza joto usiku kucha, na kwa jinsi ilivyotelekezwa tangi lilivumilia mno. Ungeniuliza ununue, ningekwambia nunua, ila kwa muuzaji mwingine. La, hata hapo nasita. Kiwanda kimeificha nati ya anodi chini ya kifuniko na sponji, na nje hakuna hata kibandiko cha kumkumbusha mtu. Nani atakagua kitu asichokiona?

Tangi lililotoboka halizibwi, kwa hiyo nimenunua hita ya aina nyingine. Kabla haijajazwa maji tuliilegeza anodi, tukazungushia nyuzi zake tepu, tukaikaza upya, ili siku ya kuitoa isitugombeze. Kwenye maungio ya mabomba ya shaba tumeweka viungo vyenye plastiki, shaba isigusane na chuma cha tangi ikachochea kutu.

Juzi kampuni imenitumia ujumbe: "Mpendwa mteja, huduma yako ya mwaka imekaribia." Ile nyota moja nayo naiondoa.