Ghost in the Shell SAC 2nd GIG: msimu wa pili umenikamata kuliko wa kwanza

Aisee nimemaliza 2nd GIG, msimu wa pili wa anime (katuni ya Kijapani) Ghost in the Shell: Stand Alone Complex (SAC), na bado kichwa hakijatulia. Msimu wa kwanza, ule wa mdukuzi anayeitwa Laughing Man, niliupenda sana, ila huu wa pili (2004 mpaka 2005, episodi 26, Production I.G, dairekta yuleyule Kenji Kamiyama) kwangu umeuzidi, najua wengi watabisha, wabishe tu. Spoila zipo humu, usije ukanilaumu.

Stori ni Japani ya miaka ya 2030, vita vimepita, serikali ilipokea wakimbizi kutoka nchi za Asia ikawatumia kama vibarua wa bei chee kuijenga nchi, kazi ilipopungua ndo wananchi wanaanza kulalamika kodi zetu zinaliwa na hawa. Wengi wamerundikana Dejima, Nagasaki. Mimi nimekulia Kasulu, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu siyo mbali na kwetu, maneno ya "hawa wanarudi lini kwao" nimeyasikia tangu mdogo, kwa hiyo hizo episodi zilinigusa kivyake, maana waandishi hawajawafanya wakimbizi malaika wala majambazi, ni watu waliochoka na wana hasira basi.

Sasa Gouda. Huyu bwana ni afisa wa ujasusi, uso umeharibika vibaya, na kwa teknolojia ya dunia ile angeweza kuutengeneza fasta ila kauacha makusudi ili watu wamkumbuke. Hashiki bunduki. Kazi yake ni kutengeneza kirusi na kukificha ndani ya insha ya kisiasa, watu wenye bongo zilizounganishwa na mtandao wanaisoma, wanaambukizwa, halafu kila mmoja anaapa kabisa kwamba kaamua mwenyewe kuwa mwanamapinduzi! Wanapanda juu ya mnara, kamera za TV zipo laivu, wanakatana vichwa kwa mapanga. Anayejitoa ni mmoja tu, Kuze, na hapo ndo mpango wa Gouda unaanza kumponyoka.

Hapa falsafa ya msimu huu imenikaa kuliko yale maswali ya mwili wa mashine tuliyozoea. Meja Kusanagi, mhusika mkuu anayeongoza kikosi maalumu cha polisi, mwili wake wote ni wa kutengenezwa tangu utotoni, sawa, kilichobaki ni roho na mawazo. Je na hayo mawazo ukiwa umepandikiziwa na mtu aliyekaa ofisini? Na hii imetoka 2004 jamani, kabla hatujaanza kugombana kwenye makundi ya WhatsApp kwa vitu tulivyoforwadiwa.

Episodi ya 11 iangalie ukiwa peke yako. Meja anaingia kwenye duka la bibi mmoja anayetunza kumbukumbu za watu, anasimuliwa habari za mvulana aliyepooza akabaki na mkono wa kushoto tu unaofanya kazi, anakunja ndege wa karatasi kwa mkono huohuo mmoja, na msichana mwenye mwili mpya wa mashine anayeshindwa kumkunjia hata mmoja. Hakuna risasi, na ndo episodi bora ya msimu mzima.

Mabaya yapo. Kuna episodi watu wamekaa mezani wanaongea siasa dakika ishirini, majina ya idara yanamiminika, subtaito nilizopata zilikuwa zinakimbia mpaka narudisha nyuma kila saa. Zile episodi za pembeni nazo haziko sawa, ya Saito, mdunguaji wa kikosi cha Meja, akicheza poka na kusimulia udunguaji wake kule Meksiko ni moto, nyingine unaweza kusinzia.

Muziki wa Yoko Kanno sina neno, "Rise" aliyoimba Origa sikuiruka hata mara moja. Na Tachikoma, vile viroboti vya bluu, episodi ya mwisho vinaimba wimbo wa watoto, wewe jiandae tu.

Nampa 9 kwa 10. Anza na msimu wa kwanza, na ile filamu ya 2006 iliyoukata msimu huu mzima ukawa kama saa mbili na nusu achana nayo, inakuachia matukio tu na yale mazungumzo wameyafyeka.