TAHADHARI: Wauzaji wa "simu ya mezani na king'amuzi cha wazee" Mikindani na vijiji vya jirani

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hasa mliowaacha wazee nyumbani nyie mkiwa Dar, someni hii kabla hamjapigiwa simu kama niliyopigiwa mimi.

Kuna vijana wawili wanapita na pikipiki, wamevaa vizibao vyenye nembo, mabegi mgongoni. Wanalenga wazee wanaokaa peke yao, wasio na simu janja wala intaneti. Shikamoo nyingi, bibi huku, babu kule. Wanasema kuna mradi: simu ya mezani yenye vitufe vikubwa pamoja na king'amuzi, shilingi 160,000 vyote, ukishalipa umemaliza, si vocha wala kifurushi tena mpaka unakufa. Mzee akisita wanamtisha kwamba mwezi ujao analojia, yale matangazo ya zamani ya televisheni, inazimwa, televisheni itabaki kioo cheusi. Analojia! Kitu kilichoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, leo ndiyo kinatumika kumtishia bibi wa Mikindani.

Bibi yangu akatoa hela yake ya korosho. Siku za mwanzo raha tupu, akanipigia kunisimulia taarifa ya habari ya TBC utadhani mimi sina televisheni. Siku ya sita kioo kikaleta maandishi asiyoyaelewa, na simu ikawa inapokea tu.

Nilipofika nikakigeuza kile king'amuzi. Stika ya namba chini imekwanguliwa kwa kisu, rimoti ya aina nyingine kabisa, mfuniko wa betri umeshikwa na raba. Ni king'amuzi cha kawaida cha kulipia, kilichokwisha tumika kwa mtu, kilikuwa na siku chache zimebaki. Ile simu nayo inatumia laini ya kawaida. Umbo la mezani, kazi ya kitochi. Dakika za ofa zikiisha, unanunua vocha kama sisi wote.

Hela tungesamehe. Kilichonitoa jasho ni vidole, maana laini ya ile simu waliisajili kwa alama ya kidole chake. Bibi amebangua korosho miaka na miaka, na mnajua mafuta ya ganda yanavyounguza, vidole vyake vimekuwa laini kama kijiko. Kwa hiyo yule kijana aliposema "mashine haijasoma bibi, rudia", yeye akaona sawa tu, hata NIDA walimsumbua hivyo hivyo. Akafuta kidole kwa pindo la khanga, akaweka tena. Na tena. Anasema labda mara tano.

Nikapiga *106# kwenye laini yake kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zikatoka tatu ambazo hazijui. Yaani kesho mtu anatapeliwa "ile hela tuma kwa namba hii", polisi wanafuatilia, wanakuta jina la bibi wa miaka 78.

Tumeenda naye ofisi za mtandao na kitambulisho, zile namba tatu zikafungwa, na RB tumechukua polisi. Kama mzee wako amepitiwa na hawa watu, anza na hiyo *106#, mambo ya king'amuzi baadaye. Ana laini za mitandao miwili? Piga kwenye kila laini. Namba ya tapeli na ujumbe wake tuma 15040. Simu yenyewe bonyeza *#06#, zile tarakimu 15 zitume 15090 ujue kama ni halisi. Na usajili wa laini ni kwa wakala mwenye kitambulisho cha kazi, kidole kikigoma basi mpelekeni mzee ofisini, asirudie rudie barazani kwake.

Bibi sasa nimemnunulia kitochi cha 30,000 dukani mjini, kwa risiti ya EFD. Namba yangu nimeiweka kwenye kitufe cha 2, anabonyeza na kushikilia tu. King'amuzi namlipia mwenyewe kila mwezi. Ile simu ya mezani kakataa nisiitupe, eti inapendeza juu ya kabati.

Jana bodaboda mmoja kaniambia amewaona Mingoyo, wakiulizia njia ya Mtama. Mwenye mzee upande huo ampigie leo.